Nusu Saa Nyuma Yao

Walipofika njia panda walitua mabegi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vilele vya mikaratusi, na pale tulipojibanza, mimi, mlezi mwenzangu tuliyemwita Mwalimu, na mwongoza njia wetu, tuliwaona vijana sita wameinamia ramani kama ndugu waliomzunguka mgonjwa. Njia ya kulia ilifuata mgongo wa kilima kuelekea Rangwi. Ya kushoto ilishuka bondeni kwenye mashamba ya viazi, nayo ilikuwa pana, imekanyagwa vizuri, ina sura yote ya njia kuu. Wakabishana. Mmoja akanyoosha kidole kushoto, wa pili akatikisa kichwa, wa tatu akatazama saa. Kisha wakajitwika mabegi, wakashuka kushoto.

Mwongoza njia akafungua mdomo. Mwalimu akamshika mkono. "Waache," alisema, lakini vidole vyake vilikuwa vimekaza kuliko ilivyohitajika, nikajua kwamba anayemzuia hasa ni yeye mwenyewe.

Tukakaa kwenye gogo. Nikatoa karanga. Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tumeipanga kwa miezi mitatu: kukaa kwenye gogo na kula karanga huku watoto wa watu wakipotea.

Ziara za shule nazijua, nimesindikiza nyingi. Basi linakodiwa, soda zinapakiwa, watoto wanahesabiwa kupanda na kuhesabiwa kushuka, mtu anawaonyesha jiwe au mnyama, picha inapigwa, watu wanarudi wamelala mabegani mwa wenzao. Sizibezi. Ila hakuna mtoto aliyewahi kurudi kutoka kwenye ziara ya namna hiyo akiwa ameamua jambo lolote kubwa kuliko soda ya rangi gani.

Wazo la kufanya vingine nililipata kwa rafiki yangu wa Kenya, mwalimu mwenzangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitembea na vijana wa Tuzo ya Rais. Mpango huo upo Kenya tangu 1966. Ni mtoto wa tuzo aliyoianzisha Prince Philip huko Uingereza mwaka 1956, na babu yake ni Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyewakimbia Wanazi akafungua shule Scotland. Tuzo ina ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na kila ngazi ina safari yake. Shaba ni siku mbili na usiku mmoja, fedha siku tatu, dhahabu siku nne na usiku tatu, na wa dhahabu lazima awe ametimiza miaka 16. Vijana wanapanga wenyewe, wanabeba wenyewe, wanapika wenyewe. Mtu mzima yupo, lakini yupo mbali.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu ya watu. Kundi lisipungue wanne wala lisizidi saba. Rafiki yangu alinieleza kwa mkato: wakiwa wanne, mmoja akiteguka mguu, mmoja anabaki naye na wawili wanafuata msaada, hakuna anayebaki peke yake. Wakizidi saba si kundi tena, ni makundi mawili yanayonuniana.

Sisi hatuna tuzo wala cheti. Tulikuwa na vijana sita wa mtaani kwetu Tanga, mabinti watatu na wavulana watatu, wa miaka 16 hadi 19, na likizo ya Juni iliyokuwa inakuja. Nilifunua ramani ya Usambara Magharibi mezani, nikawaambia waniletee wao njia ya siku nne. Wakaja na hii: kushuka kwenye basi Soni, kupanda hadi Lushoto, siku ya pili kupita msitu wa Magamba hadi Lukozi, ya tatu Rangwi, ya nne Mtae, pale milima inapokatika ghafla. Barabara ya gari kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, lakini wao hawakutaka barabara, walitaka vijia.

Basi ndipo ilipoanza safari yenyewe, mezani. Watu hudhani safari huanza siku ya kubeba begi.

Ramani ilikuwa ya serikali, ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Wakajifunza kuipima kwa uzi: unaulaza uzi juu ya kijia na kona zake zote, kisha unaunyoosha kwenye rula. Nikawafundisha kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za mpando. Kilomita 12 zenye mpando wa mita 600, kwa hesabu ya Naismith, ni saa 3 na dakika 24. Kijana mmoja, ambaye tangu siku ile aliitwa Mzee wa Ramani, akauliza kama huyo bwana alikuwa amebeba sufuria. Wakashusha mwendo hadi kilomita 3 kwa saa. Kilomita zile zile 12 zikawa saa 5. Mlimani walikuja kugundua kwamba hata hiyo ilikuwa hesabu ya mtu mwenye matumaini.

Mabegi yalikuwa ya mitumba, mahema tuliazima. Kanuni wanayoifuata watembeaji wengi ni kwamba mzigo usizidi robo ya uzito wa mwili, lakini mzani wa kupimia begi hatukuwa nao. Mabinti ndio waliotupeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akatundika mabegi kwenye mzani wake moja baada ya jingine, kati ya rejeta na fremu za baiskeli, akisoma kilo kwa sauti kama yuko mnadani. Binti wa kilo 48 alikuwa na begi la kilo 17. Likafunguliwa pale pale juu ya gunia. Lilitoka na jozi tatu za viatu, chupa ya mafuta ya nywele na kitabu cha Baiolojia. "Hiki cha nini?" nikamuuliza. "Kama nitapata muda, mjomba." Kitabu kilibaki Tanga.

Kuhusu jiko walizozana siku mbili. Kuni hawakutaka, kwani huwezi kupita hifadhini huku unaokota kuni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulipopandishwa mzanini na chuma chake, kila mtu alimtazama mwenzake. Wakachagua jiko la mchina na mafuta ya taa lita mbili. Mafuta wakayatia kwenye chupa za maji ya dukani. Niliona chupa zile. Niliona vifuniko vyake. Nikanyamaza, maana tulikuwa tumeshakubaliana kunyamaza, na hadi leo sijui kama pale nilikuwa mlezi mzuri au mvivu tu.

Makubaliano hayo yaliandikwa, na wao ndio walioyaandika, kwenye daftari la mistari. Watu wazima watatembea nusu saa nyuma. Kila siku patakuwa na sehemu tatu za kuonana, ambapo nahodha atainua mkono na sisi tutainua wetu, basi. Watu wazima hawatoi chakula wala hawapokei. Hawajibu swali lolote la njia. Simu ni kitochi kimoja, kimezimwa, kimefungwa kwenye bahasha iliyotiwa saini na wote sita. Sisi tuliomba mambo matatu tu ambayo yakitokea tunaingia bila kuitwa: damu, giza na mtu mzima. Damu ni jeraha au ugonjwa. Giza ni saa kumi na mbili na nusu jioni kabla hawajafika kambini. Mtu mzima ni yeyote atakayewafuata au kuwasumbua njiani, na hilo Mwalimu alilisisitiza kwa sababu ya mabinti. Nje ya hayo matatu, midomo ifungwe.

Kikao cha wazazi kilikuwa kigumu kuliko mlima. Mama mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, akarekebisha mtandio, akauliza, "Sasa nyinyi, kama hamwasaidii, mnaenda kufanya nini?"

"Kukaa nyuma," nikasema.

"Hata mimi hilo naliweza," akajibu, na watu wakaangua kicheko. Hata hivyo ni yeye aliyekuwa wa kwanza kusaini fomu, na aliyenikabidhi dawa ya pumu ya kuvuta ya mwanawe pamoja na maelezo yaliyochukua robo saa.

Barua za utambulisho tuliziomba mapema, kwa sababu kulala kwenye uwanja wa shule ya kijiji bila mtendaji kujua ni kutafuta balaa. Ofisi moja ilituzungusha wiki mbili, si kwa ubaya, ila safari yetu haikuwa na jina. Haikuwa ziara ya masomo, haikuwa utalii, haikuwa mkutano wa dini. Mwishowe ikaandikwa "mazoezi ya kutembea", na muhuri ukapigwa. Msitu wa Magamba nao ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo tulikata kibali na kumchukua mwongoza njia. Tulimwomba atembee na sisi, nyuma. Alituona watu wa ajabu.

Siku ya kwanza sina mengi ya kusema. Jua, mpando, malengelenge, wali uliokwama kwenye sufuria. Waliwasili Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakiwa wamechelewa kwa saa mbili na wameacha kuongea. Mji upo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na vijana waliozoea joto la Tanga walilala na soksi mikononi.

Siku ya pili ndipo msitu. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake ni ya kale sana, imebeba viumbe ambao huwaoni kwingine. Sisi tuliokuwa nyuma, bila ramani ya kugombania, tulipata kuona mbega wakiruka juu na mikia yao myeupe, na kinyonga wa pembe mbili akitambaa kwenye tawi kama mtu anayejaribu ngazi mbovu. Jioni niliwauliza vijana waliona nini msituni. "Visigino vya aliyekuwa mbele," akasema nahodha. Nilisikitika kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba mtu anayejua kwamba akikosea njia hakuna wa kumrudisha, huangalia visigino.

Lukozi, usiku huo, walifungua unga.

Tulikuwa upande wa pili wa uwanja wa shule tukakisikia kimya chao. Ili kuokoa nafasi, mtu alikuwa ameutia mfuko wa unga wa kilo 5 ndani ya sufuria kubwa, pamoja na mwiko, na juu yake akalaza chupa ya mafuta ya taa. Kifuniko kilikuwa kimelegea kutwa nzima. Mfuko ulikuwa umelowa, umebadilika rangi. Mmoja akapendekeza uanikwe. Mwingine akasema hewa ya usiku inatoa harufu. Walichota kiganja kimoja cha unga wa juu, ulioonekana mkavu, wakaukoroga kwenye maji ya moto, wakaupitisha kwa kila mmoja. Wa mwisho kunusa alikuwa yule binti wa kitabu cha Baiolojia. "Hii tukiila tunawaka," alisema.

Mwalimu alikuwa na unga kilo 2 kwenye begi lake. Nilijua, yeye alijua kuwa najua. Hakuna aliyelitazama begi.

Yule aliyefunga sufuria alijitaja mwenyewe kabla ya kuulizwa, na nilifurahi kwamba hakuna aliyemgombeza, ingawa mmoja alimpa mgongo usiku kucha. Mtunza fedha akatoa fungu la dharura, shilingi 30,000, akazihesabu kwa mwanga wa tochi. Giza lilikuwa limeshaingia, wakalala na chai na mkate mmoja uliogawanywa sita kwa kisu na uzi wa ramani, ili vipande vilingane. Alfajiri wawili walikwenda kugonga kwa mama mmoja jirani na uwanja. Lukozi ni nchi ya viazi mviringo na kabichi. Wakanunua sado mbili za viazi kwa bei ambayo mtunza fedha aliipunguza kwa adabu nyingi, akianza na shikamoo mbili. Mama yule akawaongezea kabichi bila malipo. Kikazuka kikao kizito: je, kabichi ya bure ni msaada? Waliamua kwamba kanuni inawahusu watu wazima wa kwenye daftari tu. Mawakili wazuri watatoka kwenye kundi lile.

Tatizo la viazi ni uzito. Kilo za unga zilizoondoka zilirudi mara mbili, na nadhani ni hizo zilizowashusha kushoto pale njia panda. Njia inayoteremka humvutia mwenye mzigo.

Sasa turudi kwenye gogo. Dakika arobaini zilipita. Ukungu ulitufunika na kutufunua. Mwongoza njia, ambaye kufikia hapo alikuwa ameuelewa mchezo wetu na kuuchukia, alinisimulia habari za Mbega, mwindaji aliyekuja Usambara kutoka Nguu, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akawagawia watu nyama, mwisho akawa mtawala wao na baba wa ukoo wa Wakilindi. "Na yeye hakuja na ramani," alimalizia. Sikujua ananilaumu au anawatetea.

Kisha tukasikia viatu. Walitokea bondeni mmoja mmoja, jasho likiwatoka kwenye baridi ile, nahodha mbele. Baadaye nilisoma kwenye daftari lao jinsi walivyogundua: kijito ambacho kwenye ramani kilipaswa kuwa mkono wao wa kushoto kilitokea mkono wa kulia. Mzee wa Ramani aligeuza karatasi mara tatu akijaribu kukihamisha. Kijito hakikuhama. Hapo walimkuta mzee mmoja akipalilia. Siku ya kwanza wangemuuliza, "Rangwi ni mbali?" na angewajibu kama walivyojibiwa siku ile nzima: "Hapo tu." Neno hilo liliwatesa kutoka Soni hadi Lushoto. Safari hii walimuuliza, "Babu, wewe ukienda Rangwi huwa unapita wapi, unatoka saa ngapi na unafika saa ngapi?" Mzee akanyoosha jembe kuelekea juu, walikotoka.

Walipotukuta kwenye gogo walisimama. Maganda ya karanga yalikuwa yametapakaa miguuni petu.

"Mlijua," nahodha akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo," nikajibu.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mlipotua mabegi."

Alinitazama kwa muda. Ana miaka 17, na mtazamo ule sijawahi kuupata kwa mtu wa miaka yake. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu anayepanga upya orodha ya watu wa kutegemea kichwani mwake. Kisha akageukia wenzake, akasema wanywe maji, wagawane viazi upya, na mwenye begi zito awe mbele ndiye apange mwendo. Wakaifuata njia ya kulia. Hawakutuaga.

Rangwi walifika saa kumi na mbili na robo. Giza lilibakiza dakika kumi na tano kabla ya kutupa ruhusa, na ninakiri nilishaanza kuitamani. Palikuwa na duka lililo wazi. Wakanunua unga kilo 3, na mtunza fedha akaandika kwenye daftari, chini ya safu ya matumizi, "unga (mara ya pili)".

Siku ya nne ilikuwa yao. Sisi ndio tuliochoka. Goti langu liliuma, Mwalimu alikuwa na mafua, na nusu saa ya kanuni ikawa saa nzima bila mtu kupanga. Kwenye sehemu ya pili ya kuonana tulikuta jiwe limewekwa juu ya karatasi: "Tulisubiri dakika 20. Tumeinua mkono." Mwongoza njia alicheka mpaka akakaa chini.

Mtae ni kijiji kilichokaa kwenye ncha ya mlima. Ardhi inaanguka pande zote ila ule uliojia, na chini kabisa ni nyika ya Mkomazi. Hali ikiwa nzuri husemwa unauona hata Kilimanjaro. Sisi tulikuta ukungu mweupe, kama shuka lililoanikwa mlangoni. Hema zilikuwa zimeshasimama. Jiko la mchina lilikuwa linavuma. Binti mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo, miguu inaning'inia kwenye weupe ule, na hakuna aliyemwambia arudi nyuma, nami nikajizuia, kisha nikashindwa nikamwambia. Akarudi hatua moja, kwa heshima.

Nahodha alikuja na sahani mbili. Ugali, kabichi, chumvi.

"Kanuni inasema hatupokei," Mwalimu akamkumbusha.

"Tumefika, Mwalimu. Daftari tumelifunga saa kumi kasoro. Nyinyi ndio mmechelewa."

Mwalimu akanawa, akamega tonge, akalitia mdomoni. Akatafuna polepole, akanitazama. Nami nikamega. Unga ulikuwa mpya, sufuria ilikuwa imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa, lakini mwiko ulikuwa ule ule, wa mti, ulioshinda kutwa nzima ndani ya mafuta ya taa.

"Vipi, mjomba?" akauliza nahodha.

"Umeiva," nikasema.